Lori Lililokunywa Likazidiwa

Pale kwenye kona, barabara ya lami inapokutana na ya vumbi, pana benchi la ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za gari. Benchi halina mwenyewe, lakini jaribu kukaa upande wa Spika uone. Asubuhi hiyo lilikuwa limejaa kama kawaida yake. Mwisho kabisa Spika, aliyefanya kazi kwenye mizani ya kupimia malori mpaka akastaafu, na tangu hapo kila ubishi anauendesha kama kikao. Katikati Cherehani, fundi nguo, futi yake ya kupimia inaning'inia shingoni hata siku ambayo hana mteja. Kisha Bomba, fundi wa mabomba, ambaye kwake hakuna shida duniani isiyohusu maji. Mama Kahawa alishapuliza jiko lake la mkaa, birika linafuka, vikombe vinagongana ndani ya ndoo. Ndipo likaja lori. Lilikuja linakohoa, likapiga chafya, likatema moshi mweusi uliowafunika wote, likazimika pua imeelekea benchi. Akashuka dereva wake, Taratibu, kijana wa makamo asiyejua kukimbiza gari wala maneno, ila leo alishuka mbio na petroli inamnuka mpaka kwenye nywele.

— Jamani, nimekwisha! — akasema.

— Salamu kwanza — akasema Spika.

— Salamu baadaye! Dada anakuja na mnunuzi. Leo! Jua likifika utosini, watakuwa hapa.

— Mnunuzi wa nini?

— Wa lori! Yule wa vyuma chakavu. Anakuja na mitungi yake ya gesi ya kukatia chuma. Dada amesema akilikuta limelala, linakatwa papa hapa, vipande vinapakiwa, mchezo umekwisha.

Benchi zima likasimama. Hilo si jambo la kila siku, maana benchi lile halisimami hata mvua ikinyesha. Linasogea tu chini ya kibaraza.

Lori lile wanalijua wote. Ni la petroli, la zamani, boneti limejaa makovu, na taa moja inaangalia juu kidogo kama inasoma mabango. Lilikuwa la marehemu baba yake Taratibu. Mzee alimfundisha mwanawe kuendesha akiwa amempakata, na Taratibu hajawahi kushika usukani mwingine wala kuutamani. Lakini mwenye sauti ni dada yake mkubwa. Ndiye anayetia mafuta, ndiye anayepokea simu za wateja wanaouliza matofali yao yamelala wapi. Amechoka, na hakuficha. Alimwambia mdogo wake waziwazi, machozi yakimlengalenga: hili gari linakunywa mafuta kama halina kesho, halafu linalala barabarani. Taratibu hakumlaumu. Alichoomba ni kitu kimoja tu, kwamba siku hiyo lori liwe linanguruma dada atakapofika. Likinguruma, alijiambia, atakosa sababu.

— Haya — Spika akapiga ubao kwa kiganja. — Kikao kimefunguliwa. Mgonjwa aonekane.

Taratibu akainua boneti. Petroli ilikuwa inachuruzika kwenye shingo ya kabureta, inatiririka juu ya injini ya moto, inadondoka chini tone kwa tone.

— Mama! — Taratibu akapiga ukelele. — Jiko! Toa jiko hapo!

— Jiko langu limekukosea nini?

— Petroli hii, Mama! Cheche moja tu na sote tunaondoka na kahawa yako!

Mama Kahawa akanyanyua jiko kwa vitambaa viwili, huku analaani ukoo mzima wa aliyegundua magari, akavuka nalo barabara mpaka ng'ambo ya pili, akarudi kufuata birika, akarudi tena kufuata ndoo. Cherehani aliyekuwa na sigara nyuma ya sikio akaitoa, akaitazama kama nyoka, akaenda kuizika kwenye mchanga, na hata haikuwa imewashwa.

— Mama! — Spika akaita kutoka upande huu. — Sasa kahawa tutaipataje?

— Mna miguu! — likaja jibu.

Taratibu alishaingiza kichwa chini ya boneti.

— Kabureta inafurika — akasema. — Ndani yake kuna bakuli dogo. Petroli inaingia, inajaa. Kuna boya linaelea juu yake. Likipanda, linasukuma sindano, sindano inaziba tundu la kuingilia. Petroli ikipungua, boya linashuka, tundu linafunguka. Sasa hii haizibi. Inaingia tu, inaingia tu, mpaka injini inazama.

Bomba akajishika kiuno. Macho yalimng'aa.

— Ngoja. Rudia hapo. Boya linapanda, tundu linaziba?

— Ndiyo.

— Linashuka, linafunguka?

— Ndiyo!

— Taratibu, hilo ni tangi la choo! Hilo ni tangi la choo kabisa! Miaka yote mnanificha kwamba injini ni choo?

— Hakuna aliyekuficha, Bomba.

— Kesi imekwisha! — Bomba akawa anarukaruka. — Boya limetoboka! Kila choo kinachofurika, ukifungua, boya limetoboka, limekunywa maji, limekuwa zito, halipandi. Nipe bisibisi!

Alikuwa na haki ya kufurahi, na Taratibu mwenyewe moyo ulimdunda. Wakafungua kifuniko cha kabureta. Boya likatoka, dogo, la shaba, linang'aa. Taratibu akalitikisa sikioni. Kimya. Bomba akalinyakua, akalitikisa yeye. Kimya. Hakuridhika. Akavuka barabara mbio, akalitumbukiza kwenye ndoo ya vikombe na kulizamisha kwa kidole. Likaibuka, halikutoa hata kiputo kimoja.

— Wewe! — Mama Kahawa akapiga kelele. — Ndoo yangu ya vikombe! Watu wanywe petroli?

— Linaelea, Mama! Linaelea vizuri sana!

— Na wewe utaelea sasa hivi!

Bomba akarudi anakwepa kikombe cha maji kilichorushwa, na boya limeinuliwa juu kama kombe.

— Boya zima — akatangaza, na hapo ndipo akakumbuka kwamba hiyo ni habari mbaya.

— Basi ni sindano — akasema Cherehani. Akanyoosha mkono bila haraka. — Nipeni. Kwenye sindano hapa hakuna wa kunifundisha.

Akaiweka sindano ile ndogo ya chuma kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akaizungusha. Akaipitisha ncha juu ya ukucha wa kidole gumba.

— Haijaliwa. Ncha yake nzima, haina mkwaruzo. Hii ningeishonea hariri.

— Lakini inaziba? — akauliza Taratibu.

Wakairudisha mahali pake, wakainua boya kwa kidole, Cherehani akaweka mdomo kwenye tundu la kuingilia petroli akapuliza. Mashavu yakatuna, mishipa ya shingo ikasimama, futi ikacheza kifuani. Haikupita hata pumzi. Akapuliza tena mpaka macho yakamtoka.

— Acha — Spika akamgonga mgongoni. — Utapasuka, na leo hatuna muda wa kukushona.

— Inaziba — Cherehani akahema. — Inaziba... kuliko... kifuniko cha sufuria ya mke wangu.

Taratibu akatazama juu. Kivuli cha nguzo ya umeme kilishaanza kujikusanya miguuni pake. Boya zima, sindano nzima. Wakarudisha kifuniko, wakafungua plagi moja moja. Zote zimeloa, nyeusi, zinanuka. Cherehani akazifuta kwa mabaki ya vitambaa, moja kwa maua, nyingine kwa mistari. Wakaziacha juani, injini ikaachwa wazi ipumue petroli iliyozama ndani, na kwa kuwa hakuna kazi ya kufanya wakati plagi zinakauka, kila mmoja akarudi kwenye kazi anayoijua zaidi.

— Mimi nawaambia — akaanza Spika — tatizo ni petroli yenyewe. Nimekaa kwenye mizani miaka mingi. Petroli ya asubuhi na ya mchana hazina uzito mmoja. Ya asubuhi nzito, ya mchana nyepesi. Huyu amejaza lini?

— Jumamosi jioni — akasema Taratibu.

— Jioni! Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Haijulikani kama ni nzito au nyepesi. Inafika kwenye boya, boya linachanganyikiwa.

— Boya linachanganyikiwa! — Bomba akacheka. — Spika, boya halina akili. Tazameni barabara. Tangu waichimbe, upande huu umeshuka. Mtaa mzima umeinama! Maji ya kwangu siku hizi yanatoka bombani kwa pembe. Lori limeinama, tangi liko juu, kabureta iko chini. Kitu cha maji kinafuata bonde.

— Tangi la lori liko chini ya bodi, Bomba. Chini kuliko kabureta.

— Chini kwa macho yako. Dunia inazunguka, ndugu yangu! Sasa hivi tunavyoongea, chini imehama!

— Hoja ya dunia kuzunguka haijaletwa mezani — Spika akamkata.

— Naileta!

— Imekataliwa.

— Kwa kura gani?

— Ninyi mnaongea maji na mizani — Cherehani akasema polepole. — Hakuna anayeliangalia gari lenyewe usoni. Hebu liangalieni.

Wakaliangalia. Taa ile moja ilikuwa imeinuka juu, na petroli ilikuwa imechora mistari miwili inayoshuka kwenye chuma cha mbele.

— Linalia — akasema Cherehani. — Jana dada mtu aliongea wapi habari za kuuza?

Taratibu akasita. — Pale nyumbani. Uani.

— Lori lilikuwa wapi?

— ... Uani.

— Limesikia! — Cherehani akapiga kelele mpaka njiwa wa kwenye paa wakaruka. — Limesikia kila neno! Ungekuwa wewe ndiye unayeletewa mitungi ya gesi, usingetokwa na machozi? Hakuna boya wala sindano hapa. Lina uchungu!

Spika akavua kofia. Bomba akajikuna. Na Taratibu, mtu mzima mwenye leseni, akajikuta ameweka kiganja juu ya boneti. Alimkumbuka baba yake akilipangusa lori lile vumbi kila jioni kwa shati lake kuukuu, akiliuliza limeshindaje. Kwa kitambo aliamini kabisa. Halafu akakasirika, nafsi yake ikamwambia: wewe simama hapo ulie na lori, dada yako anakuja.

— Plagi zimekauka — akasema. — Rudisheni.

Akapanda, akakanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho na kuishikilia hapo bila kuipigapiga, ili injini ivute hewa tupu imalizie ulevi wake. Akazungusha ufunguo. Stata ikalia, ikalia, injini ikakohoa mara moja, ikashika!

— Imeshikaaa! — Benchi zima likarusha mikono.

Ikanguruma kidogo tu, moshi mweusi ukaanza, ikatetemeka, ikapiga chafya, ikazimika. Petroli ikaibuka tena shingoni mwa kabureta na kuchuruzika.

Hapo sasa Taratibu alishuka tofauti. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya injini anaikodolea macho, na akilini mwake kitu kilikuwa kinajipanga.

— Cherehani — akasema. — Ulipopuliza, ilizuia?

— Ilizuia, nimeapa.

— Mdomo wako unashindwa. Pampu inayovuta petroli kutoka tangini haishindwi. — Akageuka. — Bomba! Una koleo?

— Nilizaliwa nalo.

— Ubane huu mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta. Usiukate! Weka kitambaa, ubane mpaka nikuambie. Nataka petroli ikatike kabisa, injini itumie iliyomo ndani ya bakuli tu.

Bomba akaufunga mpira kwa kitambaa chenye maua, akaubana. Taratibu akapanda. Pedali mpaka chini. Ufunguo. Injini ikalalamika, ikakohoa, ikatema wingu la mwisho la moshi mweusi, halafu moshi ukawa wa kijivu, halafu hakuna moshi. Ikatulia. Ikaimba! Sauti ile nene, laini, ambayo mtaa haukuisikia tangu Jumamosi, ikajaza kona nzima. Mama Kahawa ng'ambo akaanza kupiga makofi bila kujijua.

— Sikiliza! — Taratibu akapiga kelele dirishani, meno yote nje. — Sikilizeni hiyo!

— Tumepona! — Spika akamkumbatia Cherehani.

Injini ikaimba, ikapungua, ikakata pumzi, ikazimika.

— Tumekufa — akasema Spika, bado amemkumbatia.

— Hatujafa! — Taratibu alishuka kwa kuruka. — Hamwoni? Imemaliza ya kwenye bakuli, ndiyo maana imezima. Ikipewa kidogo inafanya kazi kama saa. Kabureta nzima! Injini nzima! Ila pampu inasukuma kwa nguvu mno. Petroli inakuja na nguvu inayoshinda sindano, inaisukuma ipishe, inaingia kwa lazima.

— Presha! — Bomba akapiga paja. — Hiyo ni presha! Sasa tumekuja kwangu kwa miguu yetu wenyewe!

— Lakini pampu niliibadilisha mwezi uliopita — Taratibu akasema, anajizungukia. — Mpya. Na gari halikufurika hata mara moja wiki zote hizo. Jumamosi nimepandisha nalo kilima, limejaa matofali! Jumapili na jana sikuliwasha. Leo linafurika. Nguvu hii imetoka wapi?

— Tulia, nikueleze kitaalamu — Bomba akatanua mikono, na kweli alikuwa katika raha ya maisha yake. — Presha huwa haitoki mahali. Presha inakosa pa kwenda. Nyumbani kwa mtu nikifunga tangi la maji juu ya paa, lazima niweke bomba la pembeni la kumwagia ziada. Maji yakizidi, yanatokea pale. Sasa aje mpumbavu mmoja alizibe lile bomba la pembeni. Nini kinatokea? Kila koki inapasuka, kila choo kinafurika, watu wanalaumu boya. Boya la watu halina kosa! Kosa ni la yule mpumbavu aliyeziba...

Akakoma. Mikono yake ikabaki hewani. Akamtazama Cherehani. Cherehani akamtazama Spika. Spika akaanza kuangalia kucha zake.

— Aliyeziba nini? — Taratibu akauliza.

Na hapo, kutoka ng'ambo ya barabara, ikasikika sauti ya Mama Kahawa, tulivu, ya mtu anayepangusa vikombe.

— Si mliuziba Jumapili. Ule mpira wa pili.

— Mpira gani?

— Ule unaorudi kwenye tangi. Niliwaletea birika uani kwa Taratibu, nikawakuta mmelala chini ya hilo gari ninyi wote wanne, miguu nje. Mkasema umepatikana mwizi wa mafuta. Mkapiga na kura.

Ndipo likamjia lote, na Taratibu akakaa chini kwenye vumbi. Jumapili! Alikuwa amewalalamikia wenzake kwamba dada anasema lori linakunywa mno. Wakaingia chini kutafuta linakovujia. Wakakuta kwenye pampu mpira mmoja unakwenda kwenye kabureta, na mwingine unarudi nyuma kwenye tangi. Wakashangaa. Spika akasimama akasema kwa uchungu kabisa: mafuta yametoka tangini, yamesafiri mpaka mbele, halafu yanarudi nyumbani bila kufanya kazi yoyote? Huo ni uzembe! Kila tone likifika mbele lifanye kazi! Benchi likashangilia. Bomba akauziba mpira ule kwa bolti na klipu, kazi safi, isiyovuja hata unyevu. Wakanywa kahawa kushangilia mafuta yaliyookolewa. Naye Taratibu alicheka kuliko wote na kupiga kura kwa mikono miwili.

— Hoja ilikuwa ya nani? — akauliza sasa.

— Kumbukumbu za kikao haziko wazi — akasema Spika.

— Ilikuwa yako!

— Mimi niliileta tu. Aliyeunga mkono ni Cherehani.

— Niliunga mkono kwa sababu fundi alisema inawezekana!

— Niliulizwa kama ninaweza kuziba — Bomba akafoka. — Sikuulizwa kama inafaa! Mtu akiniita kwake akaniambia ziba, naziba!

— Mimi nilikataa — akasema Mama Kahawa kutoka ng'ambo.

— Wewe hukuulizwa!

— Ndiyo maana nilikataa.

Taratibu akaanza kucheka. Alicheka pale vumbini mpaka mbavu zikamuuma, maana asubuhi nzima alifikiri kwamba lori la baba limechoka kufa, kumbe lilikuwa linasukumiwa kinywani kila tone ambalo lilikuwa limezoea kulirudisha. Wenzake wakamtazama kwa hofu, halafu nao wakashikwa na kicheko. Halafu Cherehani akatazama barabarani.

— Nyamazeni. Ni wao.

Kweli. Mbali kidogo, kwenye barabara ya vumbi, gari dogo la mizigo lilikuwa linakuja na mitungi miwili mirefu imefungwa kamba nyuma.

Nani aliingia wa kwanza chini ya lori haijulikani, maana waliingia wote kwa pamoja wakagongana vichwa. Klipu ilikaza. Bomba aliifunga kwa ufundi wake wote Jumapili, sasa anautukana ufundi huo.

— Nani alikaza hivi?

— Wewe!

— Kazi nzuri sana, mjinga mimi!

Bolti ikachomoka. Taratibu akaunga mpira mahali pake, akaukaza, akatambaa nje na tope la petroli mgongoni. Plagi zikafutwa mbiombio, kwa mistari, kwa maua, Cherehani mwisho akatumia pindo la shati lake mwenyewe. Spika akawa anapepea injini kwa kofia yake, ipumue. Mlango wa gari lile la mizigo ulikuwa unafunguka wakati Taratibu anapanda. Pedali mpaka chini. Ufunguo.

Ikashika! Ikatema moshi wake, ikakohoa kidogo, halafu ikatulia na kuimba. Taratibu akaachia pedali. Ikaendelea kuimba. Bomba akachungulia kabureta akainua kidole gumba: kavu, hakuna hata tone. Mtungi mmoja wa mnunuzi ukawa unatetemeka kwa mngurumo na kugonga mwenzake.

Dada mtu alisimama karibu na benchi, mkoba umekumbatiwa kifuani. Mnunuzi, mtu mnene mwenye kofia ya mabaka ya moto, hakuwasalimia. Alilizunguka lori. Akainama, akasikiliza, akaweka kiganja kwenye boneti. Akachungulia injini, akanusa. Taratibu alishuka akaliacha likinguruma, akasimama na wenzake, na furaha ilikuwa inamtoka kwenye ngozi.

— Hili? — mnunuzi akamuuliza dada mtu. — Hili ndilo uliloniambia limekufa?

— Huwa... linalala barabarani — akasema dada.

— Hili silikati! — Mnunuzi akacheka, akajipigapiga tumbo. — Nani akate injini yenye sauti hii? Mitungi nitairudisha. Hili nalichukua zima, nalitumia mwenyewe. Naondoka nalo likinguruma hivihivi!

Furaha ya Taratibu ikamfia mdomoni. Kumbe ndivyo. Walikuwa wamehangaika asubuhi nzima kumpambia mtu gari. Alimtazama dada yake, na dada hakumtazama.

Mnunuzi alishatoa simu kumpigia mtu wake, lakini akasita. Ni mtu wa biashara, na mtu wa biashara hununua kwa macho mawili. Akairudisha simu mfukoni. Akawatazama mmoja mmoja, dada, Taratibu, Spika, Bomba, Cherehani, mpaka Mama Kahawa aliyekuwa amesogea katikati ya barabara na kikombe mkononi.

— Lakini niambieni ukweli — akasema. — Gari zima hivi, na dereva mnaye, na kazi naona ipo. Kwa nini mnaliuza?

Lori likanguruma. Spika akakohoa kama anayetaka kuongoza kikao, hakuongoza. Bomba akatazama koleo lake. Macho ya dada mtu yalikuwa kwenye ile taa inayoangalia juu. Mnunuzi akangoja.

Dada akageuka. Akaupita ubavu wa lori akiburuza kiganja kwenye chuma, akazunguka mpaka upande wa abiria, akavuta mlango. Haukufunguka. Ule mlango tangu enzi za baba yao unafunguliwa kwa ndani tu. Akagonga kioo.

— Mdogo wangu — akaita kwa sauti iliyokuwa karibu kupotea kwenye mngurumo — njoo unifungulie, kuna matofali ya watu yanangoja.